Kiti cha Abiria

Mzee alikiri kabla hajaulizwa. Jumatatu asubuhi aliteremka kwenye teksi mbele ya kituo cha polisi, akaingia, akasimama kwenye kaunta na kusema kwamba yeye ndiye aliyemgonga mfagizi wa barabara alfajiri ya Jumapili, kwenye kona ya juu kupita tangi la maji. Alikuwa peke yake ndani ya gari. Hakusimama. Anaomba wasipotezeane muda.

Askari wa kaunta, ambaye utotoni alilala chini ya picha ya mzee huyo iliyobandikwa ukutani, alisimama wima kama anayepokea mgeni wa heshima. Baadaye ndipo alipokumbuka kazi yake. Alitafuta pingu, akazipata, akaona haya kuzitumia.

Nchi nzima ilimjua mzee kwa jina la Mshale. Kwa miaka mingi hakuna aliyemkamata kwenye mbio za magari za barabara za vumbi. Alipinduka, akavunjika mbavu, akarudi, akashinda tena. Alipostaafu uso wake ulitangaza matairi, kisha betri, kisha dawa ya kuchua viungo. Akafungua duka la vipuri likafa, akafungua shule ya udereva ikadumu kiasi, na baada ya hapo watu wakaacha kumsikia. Wengine walidhani ameshakufa.

Jalada lilipewa mpelelezi ambaye kituo kizima kilimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kuchoma mahali mtu asipotarajia. Mkuu wa kituo alimwambia alifunge kabla ya jioni ili mzee apelekwe mahakamani kesho yake. Gari lilikuwa limevutwa kutoka nyumbani kwake. Taa yake ya kushoto ilikuwa imevunjika, na vipande vilivyookotwa barabarani vilioana nayo kama meno na ufizi.

"Mtu amekiri, gari lipo, vioo vinalingana," mkuu alisema. "Unataka nini tena, akiri kwa wimbo?"

Sindano alijibu kwamba kuna jambo dogo la koti. Mfagizi yule alikuwa amevaa koti la kazi la njano, lile lenye mistari inayowaka ikipigwa na mwanga wa taa. Usiku wa giza huonekana kutoka mbali, na alfajiri ile giza lilikuwa limeshaanza kupungua. Dereva aliyeendesha maisha yake yote hakuliona vipi?

Mkuu akasema uzee. Sindano akasema labda.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mama wa marehemu, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Sindano alikuwa ameshazungumza naye. Hakutaka fidia wala hakumlaani mtu. Daktari alimweleza kwamba binti yake hakufa papo hapo. Alilala majanini akiwa hai kwa muda, na kama angewahishwa huenda angepona. Mama yule alitaka kujua jambo moja tu: waliomgonga walijua wamegonga mtu? Alilirudia kwa maneno yaleyale kila Sindano alipopita. Na kila alipolirudia alisema *waliomgonga*, ingawa aliambiwa dereva alikuwa mmoja.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha lenye nondo. Mshale alikaa ametuna kifua, mikono juu ya meza, uso umeelekea kwa Sindano. Konstebo, kijana mwenye mabega kama kabati, alisoma maelezo kwa sauti ili mzee ayathibitishe kabla ya kutia sahihi.

Konstebo alipokuwa akisoma, Sindano alivua viatu chini ya meza. Akanyanyuka taratibu, akaenda kusimama dirishani peku. Konstebo alitaka kunyamaza. Sindano akamwonyesha kwa kidole aendelee.

"Hapo kwenye mwendo rekebisha," Mshale alisema. "Sikuwa nakimbia sana. Nisingependa ionekane nilikuwa nacheza. Umenielewa, afande?"

Alikuwa akikiuliza kiti kitupu.

Konstebo alimtazama Sindano, akakitazama kiti. Sindano akamwambia mzee, akiwa palepale dirishani, kwamba amemwelewa. Uso wa Mshale uligeuka kuifuata sauti, ukachelewa kidogo, kisha ukatulia.

"Umehama," alisema.

"Nimehama, baba. Huyu konstebo amevaa shati la rangi gani?"

"Umenileta hapa unipime au unifunge?"

"Ulikuja mwenyewe. Rangi gani?"

Mshale alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa shati. Akasema askari wote huvaa rangi moja. Konstebo siku hiyo alikuwa na jezi ya mpira, kwa kuwa sare yake ilikuwa kwa dobi.

Alikiri hilo la macho kwa shida kuliko alivyokiri la kuua. Ugonjwa ulianza pembeni, ukaingia taratibu kuelekea katikati, na sasa alibakiwa na kama tundu la ufunguo, nalo lina ukungu. Alifunga shule ya udereva baada ya kumkaripia mwanafunzi kwa kutoona mti ambao haukuwapo. Lakini aliendesha, alisisitiza. Barabara ile ya mlimani aliijua kama ulimi unavyojua kinywa. Peke yake. Akaomba kalamu, akapapasa ukingo wa karatasi kwa kidole gumba, akatia sahihi juu ya maandishi.

*

Kituoni habari zilienea kabla chai haijapoa, na kila mtu akapata jibu lilelile: mzee anambebea mwanawe kosa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na mtaani waliwahi kumwona akipepesuka. Mkuu naye aliafiki. Akatoa amri kijana aletwe, tena kwa pingu, kwa kuwa huyo hakuwa na picha ukutani kwa mtu.

Sindano aliomba amfuate mwenyewe. Alimkuta kazini, kwenye kiwanda cha kuoka mikate, mbele ya tanuri, mtu mrefu mnene mwenye unga hadi kwenye kope. Kijana alipoambiwa anashukiwa nini, aliegemea meza ya kukandia akacheka hadi wenzake wakageuka.

"Mimi? Waulize hawa. Mtoto wa Mshale hana leseni, afande. Nikikaa kwenye gari nusu saa natapika. Naenda kwa baiskeli, na bado wananizomea."

"Anazomewa na mvua pia," mwenzake alidakia. "Tumemwambia anunue mwavuli, anasema utampunguzia mwendo."

Msimamizi na wenzake wote walisema alfajiri ya Jumapili kijana alikuwa mbele ya tanuri lile, akitoa mikate ya watu wanaokwenda ibadani. Kuhusu kupepesuka, kijana alieleza bila kuona aibu: alikunywa wiki aliyofahamu kuwa baba yake haoni tena, akaacha wiki iliyofuata kwa kuwa haikusaidia. Sindano aliuliza nani huwa anampeleka mzee anapotaka kutoka. Kijana akaanza kukung'uta unga mikononi, mkono mmoja kisha mwingine, ingawa unga haukuwapo tena. Akasema mama ndiye anayejua mambo ya mzee.

*

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa nyuma wa kituo, chini ya paa la mabati. Lilikuwa lilelile la mashindano, limepakwa rangi upya, linang'aa, isipokuwa jicho lake moja lililotoboka. Ndani hakukuwa na mikanda ya kawaida. Kila kiti cha mbele kilikuwa na mkanda wa mbio, ule unaoshuka mabegani na kuzunguka kiuno, ukakutana kifuani kwenye kifungo kimoja. Mkanda wa aina hiyo hauvutiki wenyewe. Lazima urefushwe au ufupishwe kwa mkono ulingane na anayeuvaa.

Sindano alimwambia konstebo akae kiti cha dereva afunge mkanda. Ulimtosha kwa kubana pumzi. Kisha akamhamishia kiti cha abiria. Konstebo alivuta, akanyonya tumbo, akavuta tena. Ncha mbili zilibaki mbali kwa kiasi cha kiganja.

"Afande, huu ni wa mtoto."

"Toka."

Akaingia yeye. Kifungo kikafunga kifuani pake bila kurekebisha kitu. Alikaa humo akitazama. Kwenye viti vya nyuma vumbi lilikuwa limelala kama shuka, lakini mkanda aliouvaa haukuwa na vumbi hata chembe. Mbele ya miguu kulikuwa na kibao cha kukanyagia, na katikati ya kibao mpira ulikuwa umesuguliwa na visigino vidogo, na alama nyingine zilikuwa mpya.

Kijana wa mikate asingeingia kwenye mkanda ule hata kwa kusukumwa. Aliyezoea kukaa humo alikuwa mtu mdogo wa umbo, na alikaa upande uleule taa ilipovunjika.

Kutoka hapo alikwenda konani na konstebo. Majani yalikuwa bado yamelala pale gari lilipopita. Sindano alizifuata alama za matairi kwa miguu, akaenda, akarudi. Mlevi angeipoteza kona akatokea upande wa nje, mtaroni. Mtu asiyeona angefanya hivyohivyo. Gari hili lilianzia nje kwa upana, likaingia ndani kabisa, matairi ya kushoto yakapanda majani kwenye kitovu cha kona, likatoka limenyooka. Hakuna alama ya breki. Hakuna mahali usukani ulipoyumba. Aliyeshika usukani alijua kona inapoanza, inapokaza na inapoishia.

Kwa hiyo Mshale hakudanganya. Aliendesha yeye, na haoni.

Mfagizi mwingine aliyefanya kazi na marehemu, aliyekuwa akiendelea na kazi kule chini, aliulizwa kwa nini yule dada alisimama upande wa ndani. Akajibu kwamba wote husimama huko. Magari kwenye kona ile hurushwa nje, kwa hiyo wa ndani ndiye salama. Walianza kufagia huku juu tangu nyumba mpya zilipojengwa. Zamani kulikuwa pori.

*

Nyumba ya Mshale ilikuwa ndogo, safi, yenye ukuta mmoja wa picha. Mkewe alimkaribisha Sindano kwa sauti ya upole iliyo wazi, kila neno limekatwa pembe zake. Alikuwa mfupi, mwembamba, kichwa kimefunikwa mtandio. Aliuliza mzee amekula nini na kama amepewa dawa ya matone. Alikuwa ameshaifunga kwenye kitambaa, tayari kuipeleka.

Sindano alisimama mbele ya picha. Gari hewani, magurudumu yote yameiacha ardhi. Gari kwenye maji. Gari likitoka kwenye wingu la vumbi. Katika kila picha dereva alitazama mbele kwa ukali, na kando yake kulikuwa na helmeti ya pili iliyoinama, kama mtu aliyesinzia.

"Mama, huyu anayelala ni nani?"

Bibi alitabasamu bila kutaka. "Halali, mwanangu. Anasoma."

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza mgongo wake ulinyooka. Kila dereva wa mbio alikuwa na msoma njia. Kabla ya mashindano walipita barabara polepole, wakaandika kila kona na ukali wake kwa namba; siku ya siku mmoja aliendesha na mwingine akamsomea. Dereva haamini macho, kwa kuwa macho yanaishia kwenye kona. Anaamini sauti. Na msoma njia hainui kichwa hata gari likiruka.

"Hata mara moja?"

"Ukiinua macho utaogopa. Ukiogopa, sauti inabadilika. Yeye atasikia, naye ataogopa. Mkiogopa wawili mmekufa."

"Na barabara ya tangi la maji?"

"Hiyo sihitaji karatasi."

Sindano alimwomba amsomee. Bibi alikaa kwenye kochi, akaweka miguu pamoja, akainamisha kichwa akatazama mapaja yake. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwenyeji anayeuliza habari za dawa. Ilikuwa kavu, ya mwendo sawa, isiyo na umri. "Tangi. Mia moja, kulia tano, inafunguka. Hamsini, kalavati, shika katikati. Themanini, kushoto nne, kata—"

Akakunja mikono mapajani.

Sindano aliuliza kata maana yake nini, ingawa alama za majani zilikuwa zimeshamjibu.

"Pita ndani," bibi alisema. "Juu ya majani. Hapakuwa na mtu pale. Miaka yote hapakuwa na mtu."

Sindano alimweleza haki zake, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba atakachosema kitaandikwa. Bibi aliomba kwanza azime jiko. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vya kutokea, na alisimulia akiwa amesimama. Mumewe tangu macho yalipomfifia alikuwa gunia kwenye kiti. Hakusema, hakuoga mpaka asukumwe, siku moja akamkuta amekaa garini gerejini, akibadilisha gia za gari lililozimwa. Ndipo yeye mwenyewe akamwambia, twende. Wakaenda Jumapili moja alfajiri wakati barabara haina mtu, na mzee akarudi akiimba bafuni. Basi ikawa kila Jumapili. Mjini alimtazamia kila kitu. Kule juu, kuanzia tangi, walifanya kama zamani. Aliinamisha kichwa.

Ndani ya gari lile walikuwa wawili. Mmoja hakuweza kutazama, na mwingine alikuwa amejifunza kutotazama.

Lilibaki swali la mama wa kwenye benchi. Alipoulizwa kama alijua wamegonga mtu, bibi aliufunga mtandio upya.

"Hilo nitalisema mbele ya mzee. Sitaki alisikie mahakamani kutoka kwa watu."

*

Mkuu wa kituo alisema haijawahi kufanyika, mke na mume chumba kimoja. Sindano alijibu kwamba mzee amejipanga kufungwa peke yake kwa jambo ambalo hajui nusu yake, na maelezo ya namna hiyo wakili yeyote atayapasua kama gazeti. Mkuu akatazama saa, akasema dakika chache tu, na konstebo awepo.

Mshale aliufahamu mwendo wa mkewe kutoka mlangoni. Akasimama, uso wake ukakunjamana kwa hasira ya woga.

"Nimeshamaliza hili jambo," alisema. "Nani amekuita? Afande, huyu mama hausiki. Mumrudishe nyumbani."

"Baba, kaa," mkewe alisema. "Wanajua."

Alibaki amesimama kitambo, kisha akakaa. Akaanza kumtetea harakaharaka. Alisema mkewe alisoma tu njia, hakushika usukani, hakutazama, hawezi kujua kilichotokea. Yeye mwenyewe alielewa Jumapili jioni, redio iliposema kona ile na alfajiri ile. Usiku hakulala, na asubuhi alimwambia mkewe anakwenda kwa daktari wa macho. Hakutaka ajue. Sindano alimwacha aseme mpaka maneno yalipomwishia. Kisha akamuuliza bibi nini kilitokea baada ya kusema kata.

"Kulikuwa na kishindo upande wangu," bibi alisema. "Akaniuliza, nini hicho. Nikamwambia kichaka, endelea."

"Ulijuaje ni kichaka?"

"Sikujua. Ndivyo tunavyosema. Mkisimama kila dereva akiuliza, mwaka mzima hamfiki."

"Na baada ya kusema?"

Konstebo aliacha kuandika. Bibi hakumtazama Sindano. Alimtazama mumewe, ambaye hakuweza kumtazama.

"Niliinua macho. Sijawahi maishani, lakini niliinua. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni, nikaona koti la njano majanini. Lilikuwa linajisogeza."

"Ulimwambia?"

"Hapana. Nikamsomea kona iliyofuata."

Ukumbini mtu alikohoa. Konstebo alianza tena kuandika, na mkwaruzo wa kalamu yake ukasikika chumba kizima. Mshale alikuwa ameweka viganja viwili mezani, vidole vimetanuka, kama mtu anayesubiri meza iondoke.

"Sauti yako haikubadilika," alisema hatimaye.

"Haikubadilika."

"Kona zote zile hadi nyumbani. Nikakushukuru. Nikaimba. Na zamani? Mwaka ule kwenye shamba la mkonge, kile kishindo kwenye mlango wa upande wangu. Ulisema kichaka."

"Baba."

"Nauliza. Miaka yote ile uliniambia kichaka. Vilikuwa vichaka?"

Bibi alisema alikuwa akimlinda, kwamba kazi yake ilikuwa kumfikisha mwisho, na kila mara alimfikisha. Mshale akasema hajauliza hilo. Alingoja jibu, na kwa namna alivyoinamisha sikio ilionekana kwamba angetosheka hata na pumzi. Hakuna kilichokuja.

Sindano aliwaambia kwamba wote wawili watalala kituoni na kesho watasimama mbele ya hakimu pamoja. Alisema atakwenda yeye mwenyewe kumwambia yule mama wa benchini. Kisha akamwamuru konstebo amrudishe mzee mahabusu.

Mshale aliinuka. Mkewe alikuwa karibu zaidi, na bega lake lilikwisha kusogea lenyewe chini ya mkono wa mumewe. Mkono ule ulipita juu yake bila kuligusa, ukapapasa hewani, ukampata konstebo. Konstebo hakuwahi kumwongoza mtu asiyeona. Alimshika kiwiko kama mfungwa mwingine yeyote, akamtanguliza mbele kuelekea mlangoni.

"Kizingiti," bibi alisema nyuma yake, kwa ile sauti kavu ya mwendo sawa.

Mzee alisimama. Kisha alitoa mguu mmoja polepole, akaupitisha sakafuni, akapapasa kwa ncha ya kiatu kuhakikisha kama kweli kipo.